Mlakasa

Mawaridi niliyatoa Wete, miche minne,
nikayapakata garini kama mtoto wa watu.
Yalikufa kwa zamu.
La kwanza nilipokuwa na pacha wa Riziki,
la pili usiku wa yule mama wa Msuka aliyetoka damu,
mawili ya mwisho sikuuliza.
Ua linalotaka maji asubuhi na jioni
liende kwa asiye na zamu.

Uwanja wetu wa Tumbe una mteremko.
Masika yakija mchanga hushuka
kupiga hodi barazani kwa Bi Mwanauba,
naye huturudishia kwa ufagio,
kwa kishindo, ili tusikie ufagio unasema nini.

Shaame akasema zege.
Akanunua mifuko miwili ya saruji, akaitia ghalani,
akapima uwanja kwa hatua: tisa kwa kumi na moja.
"Zege halili, halinywi, halifi."
Nikamwambia, maiti naye hali, hanywi, hafi tena.

Ijumaa nikateremka pwani
na polo tupu na kisu cha kumenyea muhogo.
Mlakasa ulikuwa umejilaza palepale pa siku zote,
penye chumvi na jua na kinyesi cha mbuzi,
hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeusomea dua.
Kila kifundo kina vizizi,
vidole vya kichanga vinavyotafuta cha kushika.

Kukata nakujua. Mwaka wa kumi na saba huu nakata vitovu:
upande mmoja huishi, mwingine hunyauka.
Huu ukiukata, pande zote mbili zinaishi.
Nikaulaza uwanjani, nikafukia vifundo, nikaacha ncha nje,
nikaumwagia maji ya kuoshea mchele siku nane,
kisha nikausahau.

Miezi mitatu haukufanya kitu.
"Mkunga kapanda majani!"
"Pwani yote ile, mwenzenu kaona haitoshi."
Mbuzi wa Faki wakaonja, wakatema, wakaenda zao.
Vuli ikapiga.

Asubuhi moja narudi, viatu mkononi.
Usiku ule mtoto hakulia.
Nilimsugua mgongo, nikampulizia, nikahesabu,
nikahesabu tena,
nikamkabidhi kwa bibi yake ndani ya kanga ambayo bado ina gundi ya dukani.
Sikutaka kuona mtu wala kuonwa.

Uwanja ulikuwa na maua.
Ya zambarau, yamekoza kooni,
makubwa kama vikombe vya kahawa,
mengi, bila haya,
juu ya majani mazito yenye umbo la kwato.
Sisemi yalinifariji. Maua hayajui.
Nilikaa chini nikayatazama
mpaka jua lilipopanda yakajikunja, moja moja,
nami nikaingia ndani nikalala.

Tangu hapo tunashika zamu moja:
huchanua ninaporudi, hufumba nikiwa usingizini.
Masika mawili yamepita na mchanga haujahama.
Bi Mwanauba anafagia kwake, polepole,
ingawa juzi alikuja na tawi lililovuka mpaka,
kalishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya:
"Chukua mwanao."
Nikamwambia alitupe.
Wiki ya pili nikaliona nyuma ya pipa lake la maji,
limefukiwa vizuri, kifundo chini, ncha nje.
Sikusema neno.

Mbolea haujui. Maji ni ya Mungu.
Mara mbili kwa mwaka Shaame huchukua panga
akaurudisha nyuma unapoziba njia,
akinung'unika kwamba zege lisingetembea.

Ile saruji yake iliingia unyevu ghalani, ikaganda,
mifuko miwili, mawe mawili.
Tuliiviringisha hadi mlangoni,
na hapo ndipo ninapokaa kuvua viatu.
Jana nilikuta jiwe moja limekwisha pandwa mgongoni,
na ncha, nyekundunyekundu, laini,
inanyoosha shingo kuelekea la pili.
Panga lilikuwa karibu.
Nikahamisha viatu.